Mbona kombe limekwenda kule? Kutafuta hitilafu katika ujaji wa mashindano ya roboti ya wanafunzi

Malalamiko huja saa kumi na moja jioni, kombe likishatolewa na watoto wakishapanda basi. Mzazi anamfuata msimamizi wa majaji, simu mkononi, picha ya ubao wa alama imefunguliwa: "Wetu wameongoza raundi zote tatu, mbona kombe limekwenda kule?" Nimekaa upande wa majaji kwa misimu kadhaa, na mara chache sana nimekuta jaji mwenye nia mbaya. Hitilafu nyingi nilizoziona zilikuwa zimeingia kabla timu ya kwanza haijafungua mlango: kwenye ratiba, kwenye mgawanyo wa vyumba na kwenye karatasi ya vigezo ambayo majaji waliisoma wakinywa chai.

Hapa natumia mfano wa FIRST LEGO League Challenge, kwa kuwa ndiyo niifahamuyo zaidi na ndiyo shule zetu nyingi huanzia. FIRST ni taasisi ya Marekani iliyoanzishwa na Dean Kamen mwaka 1989. Katika ligi hii roboti hucheza mezani kwa dakika mbili na nusu, raundi tatu, na inahesabiwa ile yenye alama nyingi kuliko zote. Lakini tuzo kuu haitolewi kwa mezani pekee. Kuna sehemu nne zenye uzito sawa: mchezo wa roboti, usanifu wa roboti, mradi wa ubunifu, na maadili ya timu. Maana yake robo tatu ya kombe iko mikononi mwa watu waliokaa na timu kwa nusu saa tu. Mkilikosea zoezi la hiyo nusu saa, mmeikosea siku nzima.

Dalili: washindi karibu wote wametoka chumba kimoja

Hii ndiyo ya kwanza kuikagua, kwa sababu hutokea mara nyingi na haionekani mpaka uitafute. Timu zikiwa nyingi hugawanywa kwa majopo, kila jopo na chumba chake. Karatasi ya usanifu wa roboti ina vigezo kumi, kila kimoja alama 1 hadi 4, kwa hiyo timu hupata kati ya 10 na 40. Tuchukue vyumba viwili vyenye timu sita sita. Namba ni za mfano, ila hali yenyewe nimeiona.

Chumba A: 31, 28, 27, 25, 24, 21.
Chumba B: 37, 36, 35, 34, 33, 29.

Ukizimwaga zote kwenye jedwali moja na kuzipanga, tano za juu zote ni za chumba B. Timu bora ya chumba A inakuwa ya sita. Sasa angalia wastani: A ni 26, B ni 34. Ama chumba B kilipangiwa timu zote kali kwa bahati, ama majaji wake wana mkono mwepesi. Ukipima kila timu iko mbali kiasi gani na wastani wa chumba chake, ukagawanya kwa mtawanyiko wa alama za chumba hicho (standard deviation), ile ya 31 inapata kama 1.6 na ile ya 37 inapata kama 1.2. Ya sita imegeuka ya kwanza.

Hapa wengi hufurahia hesabu wakasahau kufikiri. Ukokotoaji huo unachukulia kwamba vyumba vyote vina timu za uwezo unaolingana, na kwa timu sita hakuna anayeweza kukuhakikishia hilo. Mimi hutumia namba hizo kuchagua nani aangaliwe tena, basi. Timu mbili za juu za kila chumba zinatembelewa na jopo moja, lilelile kwa zote, dakika kumi kwenye meza ya timu. Jopo hilo ndilo linalolinganisha, maana ndilo pekee lililowaona wote kwa macho yaleyale.

Hiyo ni tiba ya jioni. Kinga yake ni ya asubuhi: kabla ya timu kuingia, majaji wote waoneshwe mahojiano mamoja yaliyorekodiwa, kila mtu ajaze karatasi yake bila kuongea, kisha kwa kila kigezo wanyooshe vidole kwa pamoja. Kimoja, viwili, vitatu au vinne. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, kwenye kigezo cha kujaribu na kuboresha, mhandisi mmoja alinyoosha vidole viwili na mwalimu wa fizikia aliyekaa naye alinyoosha vinne. Walikuwa wamepangiwa vyumba tofauti. Fikiria siku yetu ingekuwaje.

Mhandisi alitaka grafu. Mwalimu alitosheka na watoto kusema "tulijaribu sana". Tulisoma karatasi tena kwa sauti, tukakubaliana: ushahidi wa majaribio ya kurudiarudia unatakiwa, grafu hailazimiki. Dakika arobaini zilipotea, na msimamizi wa ratiba alininunia mpaka mchana. Nilimwacha anune.

Kitu kingine cha kukagua palepale: karatasi ya ligi hii inamtaka jaji anayetoa 4 aandike timu imevuka kiwango kwa lipi. Pitia karatasi za mizunguko miwili ya kwanza. Ukikuta 4 nyingi na mistari mitupu, umeshapata chumba chenye mkono mwepesi kabla hakijaharibu mchana. Sheria yangu: hakuna sentensi, inarudi 3.

Dalili: timu za saa mbili asubuhi hazishindi kamwe

Panga alama za jopo moja kwa mpangilio wa muda badala ya ukubwa. Zikipanda polepole kuanzia asubuhi, majaji wanaweka akiba. Wanaogopa kutoa 4 mapema, huenda itakuja timu kali zaidi. Ikifika saa tano wamechoka kusubiri, wanaanza kugawa. Zikishuka baada ya chakula, tatizo ni wali.

Baada ya timu ya tatu simamisha ratiba dakika kumi, jopo lirudie karatasi tatu za mwanzo likiwa sasa lina cha kulinganishia. Na kwenye mjadala wa mwisho usiwasomee majaji timu kwa mpangilio walioingia nao. Anzia katikati.

Dalili: iliyoongoza mezani imeongoza kila kitu

Inawezekana kabisa kwamba ni timu bora kweli. Lakini kwanza uliza majaji wamekula wapi. Ukumbi mmoja nilioufanyia kazi uliweka skrini ya alama za mezani mkabala na meza ya chakula ya majaji. Kuanzia saa saba, kila mtu alijua nani ana alama ngapi, na karatasi za mchana zikaanza kufuata skrini. Timu iliyoshindwa mezani kwa sababu waya ulichomoka ghafla ilionekana haijui kusanifu, ilhali waya kuchomoka na usanifu ni mambo mawili.

Majaji wapewe chakula kwenye chumba chao. Alama za mezani zifunguliwe kwao baada ya kila jopo kukabidhi mpangilio wake wa mwanzo. Zinatakiwa kwa tuzo kuu, hilo halina ubishi, ila zina saa yake ya kuingia.

Dalili: shule zinazoongea Kiingereza kizuri zinaondoka na tuzo za mahojiano

Hapa nitakaa kidogo. Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo, mpaka atakapoingia sekondari. Mwenzake wa mchepuo wa Kiingereza amekiongea tangu chekechea. Unawaweka mbele ya jopo moja, unawahoji wote kwa Kiingereza, halafu unashangaa alama.

Timu moja ya kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, iliingia kwetu, watoto sita, soksi zimevutwa hadi magotini. "Shikamoo mwalimu." Wakatoa maelezo yao kwa Kiingereza cha kukariri, bila kituo, kama wanaosoma shairi kwenye sherehe ya mahafali. Ikaja zamu ya maswali. Mwenzangu akauliza kwa nini roboti ina gurudumu la aina ile nyuma. Kimya. Akarudia polepole. Kimya, na mmoja akaanza kutazama viatu vyake. Nikaona kalamu ya mwenzangu inaelekea kwenye 1.

Nikasema, "Jamani, semeni kwa Kiswahili tu."

Binti mmoja wa darasa la sita, ambaye hakuwa amefungua mdomo, akaichukua roboti, akaigeuza chali mezani kama mtu anayekagua mguu wa mbuzi. "Mwalimu, hapa mwanzo tuliweka tairi, likawa linaburuza kwenye kona. Tukatoa tukaweka kigololi. Sasa mkono wa mbele ukishuka, nyuma inanyanyuka, kigololi hakigusi mkeka, roboti inaenda upande. Ndiyo tukasogeza haya magurudumu makubwa mbele, chini ya mkono." Akavuta daftari la mistari. Majaribio kumi kabla ya kusogeza: yamefaulu manne. Kumi baada ya kusogeza: tisa. Tarehe pembeni, na alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

Mwenzangu alifuta. Tukaandika sentensi ya kustahili 4, na haikutuchukua hata dakika moja kuifikiria.

Kwa hiyo kagua hivi: soma vigezo kimoja kimoja, utafute panapotajwa lugha. Kinachoombwa ni maelezo yaliyo wazi na wanatimu kuonyesha walichojifunza. Hakuna kigezo cha lafudhi. Msimamizi atangaze asubuhi, mbele ya walimu wote, kwamba timu inaweza kueleza na kujibu kwa Kiswahili au Kiingereza, na kuchanganya pia ruksa. Kila jopo liwe na angalau mtu mmoja anayekimudu Kiswahili cha kazi: gia, mota, sensa, kuburuza, kuyumba. Ukisema tu "mkipenda mnaweza", hakuna atakayethubutu, watoto watadhani ni mtego. Jaji afungue kikao kwa Kiswahili yeye mwenyewe.

Ndugu wa tatizo hili ni mapambo. Timu moja ina bango la kuchapishwa na fulana zenye nembo, nyingine ina karatasi za manila zilizobandikwa kwa selotepu. Jicho linadanganyika, hata la mtu mzima. Swali linalosaidia kwenye mradi wa ubunifu ni hili: "Mlipomwonyesha mtu wazo lenu, alisema nini, na nyie mkabadilisha nini?" Bango halina jibu la swali hilo. Wenzetu wa FIRST Tech Challenge, ligi ya wakubwa kidogo, wameweka kikomo cha kurasa 15 kwa jalada ambamo timu inaeleza kazi yake, ukiondoa ukurasa wa juu. Majalada yasipowekewa kikomo hunenepa, na jaji aliyechoka huanza kupima kwa uzito.

Dalili: roboti ni ya mwalimu

Walimu wenzangu mtanisamehe. Kuna roboti ukiiona unajua kabisa kuna mtu mzima alilala saa nane usiku. Lakini kuhisi si ushahidi, na nimewahi kukosea: nilimshuku mtoto wa miaka kumi na mbili kwa programu iliyopangika mno, kumbe ndiye anayewafundisha kaka zake.

Usiulize "Nani alijenga?" Kila mtoto amefundishwa jibu lake. Fungua programu, onyesha namba yoyote, useme: "Nikiifanya hii iwe mara mbili, itatokea nini?" Aliyeiandika atakuambia itagonga ukuta, au atacheka tu kwanza kisha akuambie. Aliyepewa atamtazama mwalimu dirishani. Swali la pili: "Nionyesheni kitu mlichokitupa." Timu iliyojenga yenyewe ina makaburi ya mikono iliyoshindikana, na huyasimulia kwa furaha.

Mtoto mkimya asihukumiwe kwa ukimya. Mpe roboti ashike. Mikono yake itaongea.

Dalili: mjadala wa mwisho una mtu mmoja anayeongea

Kwetu umri na cheo vina uzito. Ukiweka profesa na mwanafunzi wa mwaka wa pili kwenye meza moja, profesa akisema "mimi naona hii ndiyo timu", yule kijana aliyekaa na timu nyingine nusu saa nzima atasema "sawa, Profesa" na atakwenda nalo nyumbani. Sikusudii kuwavunjia wazee heshima. Nasema tu mpangilio wa kuongea unaamua mshindi, kwa hiyo upangwe.

Kila mtu aandike tatu zake kwenye karatasi kabla ya yeyote kufungua mdomo. Karatasi zikusanywe, zibandikwe ukutani. Kisha mdogo kuliko wote aanze kuongea, mkubwa awe wa mwisho. Wazee wengi niliowaeleza utaratibu huu asubuhi waliupenda, kwani unafanana na baraza linavyoendeshwa. Na kila dai lisimame juu ya maandishi. "Ile timu ya fulana za njano ilinigusa" ni hisia nzuri, aende nayo. "Walibadilisha muundo baada ya kuongea na fundi wa pampu, imeandikwa hapa" ni hoja.

Muda ukikatika bila muafaka, msirudie kupiga kelele zilezile. Tumeni wajumbe wawili kwenye meza za timu zinazobishaniwa na swali moja, lilelile kwa zote. Majibu humaliza ubishi haraka kuliko nusu saa nyingine ya mjadala.

Dalili ndogondogo, tiba fupi

Alama ya jedwali haifanani na karatasi: mtu mmoja asome, mwingine aandike, kisha wabadilishane. Timu zitambuliwe kwa namba, maana majina hufanana. "Simba" zinaweza kuwa tatu siku moja. Karatasi zisitupwe mpaka wiki ipite, kwa sababu umeme hukatika na kompyuta huamua kusahau.

Jaji ana mpwa kwenye timu, au amesoma shule hiyo: aseme asubuhi, ahamishiwe chumba kingine, na timu hiyo ikijadiliwa atoke nje akanywe chai. Aibu ya kusema asubuhi ni ndogo kuliko ya kugunduliwa kwenye kundi la wasapu la wazazi usiku.

Mzazi analalamika kwamba timu yao ina alama 38 za usanifu lakini tuzo ya usanifu imekwenda kwa wenye 35: angalia kwanza kama vyumba ni tofauti, halafu angalia kama hii ni kanuni ya timu moja tuzo moja. Katika ligi hii tuzo za majaji husambazwa. Timu iliyochukua kombe kuu haibebi tena ya usanifu hata kama ndiyo bora, hivyo inashuka kwa inayofuata. Ni kanuni, na ina sababu zake, ila asiyeielezwa ataona wizi mtupu. Itangazwe asubuhi kwenye ukaribisho wa wazazi, kwa Kiswahili, na irudiwe kabla ya kutaja washindi.

Dalili: timu hairudi msimu ujao

Hii haionekani siku ya mashindano, na pengine ndiyo mbaya kuliko zote. Nenda kachukue karatasi za maoni mlizowapa. Kama zimeandikwa "Kazi nzuri! Endeleeni hivyohivyo!" kwa timu iliyokuwa ya mwisho, mmewadanganya, na watoto wanajua. Wamepata 1 na 2 mstari baada ya mstari, na chini pameandikwa kazi nzuri.

Chanzo chake ni ratiba. Timu zinapangwa zikifuatana mlango kwa mlango, timu moja inatoka na nyingine inaingia, jaji anaandika maoni ya wote sita mwisho wa siku akiwa hakumbuki nani alikuwa na kigololi. Acha dakika kumi kati ya timu na timu. Ukiambiwa hazipo, punguza timu kwa kila jopo, ongeza jopo, omba walimu wa chuo, waombe wahitimu wa misimu iliyopita. Dakika hizo zikikosekana, hata tiba za huko juu hazitashika, maana zote zinategemea kilichoandikwa jaji akiwa bado anakumbuka.

Maoni yataje kitu kilichoonekana, kisha hatua moja. Ile timu ya kayumba haikuchukua kombe siku ile. Mradi wao wa ubunifu ulikuwa mchanga. Kwenye karatasi yao tuliandika hivi, kwa Kiswahili: "Daftari lenu la majaribio kumi kabla na kumi baada limetuonyesha kwa nini mlisogeza magurudumu. Mradi wenu wa maji haujaonyeshwa kwa mtu yeyote anayechota maji. Kabla ya msimu ujao mwonyesheni mmoja, mwandike atakachokataa."

Mwalimu wao aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaikunja mara mbili, akampa yule binti aitunze ndani ya daftari.